Shujaa Kisimani na Shujaa Majini: Liyongo, Nayeche na Dhana ya Ushujaa wa Watu wa Kawaida

Utangulizi

Neno "shujaa" limetumika mno katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, na aghalabu limetumika kana kwamba maana yake imekwisha kukubaliwa na wote. Mhakiki anapomtafuta shujaa humtafuta mtu mmoja: mwenye asili isiyo ya kawaida, mwenye nguvu zipitazo za wenzake, mwenye siri ya kifo chake, na mwenye msaliti aliye karibu naye. Sifa hizi zimetokana kwa kiasi kikubwa na usomaji wa tendi, hususan Utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913.

Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakitoshi tunapokabiliwa na masimulizi ya maafa ya majini katika Afrika Mashariki: kupinduka kwa kivuko cha Mtongwe mjini Mombasa mwaka 1994, kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996, kupinduka kwa MV Nyerere karibu na gati la Ukara mwaka 2018, na ndege iliyoanguka ziwani Bukoba mwaka 2022. Katika masimulizi hayo waliotenda mambo makubwa ni wavuvi, abiria na wakazi wa ufukweni. Tunapendekeza kipimo kingine, ambacho tunakitoa katika mighani ya Waturkana kuhusu Nayeche.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini suala la bandari litazamwe kutoka Turkana. Jibu letu ni kwamba magharibi ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Lodwar, ipo Nariokotome, mahali panapofundisha jambo moja la msingi kuhusu kumbukumbu. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, aliyekuwa mchungaji wa mbuzi utotoni mwake, alikiona hapo kipande kidogo cha fuvu kilichokuwa kikifanana na kokoto zilizokizunguka. Kutokana na kipande hicho kilifukuliwa kiunzi kinachokaribia ukamilifu cha mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mvulana huyo amejulikana ulimwenguni kote. Jicho lililomwona halikujulikana kwa kiasi hicho. Hali hii ya tendo kusifiwa na mtendaji kusahauliwa, au ya mtendaji mmoja kusifiwa na wengi kusahauliwa, ndiyo kiini cha mjadala wetu.

Mipaka ya kielelezo cha Liyongo

Kielelezo cha shujaa mmoja kilitiwa nguvu na mjadala kuhusu kuwapo kwa tendi barani Afrika. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alionyesha shaka kwamba utanzu huo ulikuwa umeenea barani. Isidore Okpewho alimjibu mwaka 1979, na M. M. Mulokozi akauendeleza utetezi huo kwa kuzichunguza enanga za Wahaya. Utetezi ulifaulu, lakini ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Ili kuthibitisha kwamba nasi tunazo tendi, ilitubidi kuonyesha kwamba nasi tunao mashujaa wanaolingana na wale wa Wayunani kwa kimo, nguvu na upweke. Tukaurithi utanzu pamoja na kipimo chake.

Hebu tuutazame mwisho wa Liyongo. Baada ya kuchomwa kitovuni na mwanawe, Liyongo alikwenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde wake na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wakamwogopa maiti wakidhani yu hai, wakakosa kuchota maji mpaka mama yake alipoombwa aende kumsihi. Wahakiki wameisoma picha hii kama kilele cha haiba ya shujaa: hata mauti hayakumwangusha. Hatuupingi usomaji huo. Hata hivyo, tukisimama upande wa wenye ndoo na mitungi, tunaona jambo jingine: shujaa ameyazuia maji, na umma una kiu.

Aidha, utendi wenyewe unao mashujaa ambao uhakiki haukuwatilia maanani. Liyongo hakutoka gerezani kwa nguvu zake pekee. Tupa iliyokata minyororo ilifichwa ndani ya mkate wa wishwa, na aliyeupitisha mkate huo mbele ya walinzi ni kijakazi Saada. Walinzi waliula mkate mzuri wakamwachia mfungwa ule wa wishwa, kwani walimdharau aliyeubeba na kilichobebwa. Sauti ya tupa nayo ilifunikwa na kelele za ngoma ya gungu iliyochezwa na watu wa mji. Kwa hiyo palikuwa na mama aliyeoka, kijakazi aliyebeba na watu waliocheza, lakini wahakiki tumeandika kuhusu misuli ya mfungwa. Kosa halimo katika utendi, bali limo katika kipimo tulichoshika mkononi tulipousoma.

Nayeche: shujaa asiye na mkuki

Mighani ya Nayeche husimuliwa na Wajie wa Uganda na Waturkana wa Kenya, nayo hueleza namna Waturkana walivyojitenga na Wajie. Katika baadhi ya masimulizi, Nayeche anazifuata nyayo za fahali wa kijivu aitwaye Engiro mpaka anafika sehemu za mto Tarash, ambako anaishi kwa kuokota matunda ya mwituni. Katika masimulizi mengine, vijana wanamtafuta ng'ombe aliyepotea, wanamkuta mwanamke mzee akiokota matunda, naye anawaonyesha nchi njema. Katika namna zote mbili, watu wanamfuata na kuanza maisha mapya huko. Jina lake limebaki katika kilima cha Moru Anayeche.

Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, Nayeche hana silaha wala uwezo wa kimiujiza. Anachokijua ni kusoma nyayo na kuokota matunda, yaani kazi za kila siku za watu wa nchi kavu. Pili, tendo lake halimtengi na watu bali linawavuta kwake; thamani ya ugunduzi wake inatokana na wale wanaokuja nyuma. Tatu, mighani haihitaji kifo chake ili ikamilike. Liyongo amekufa kisimani na watu wakashinda na kiu, ilhali Nayeche amefika penye maji na watu wakanywa.

Twaweza kupingwa kwa hoja kwamba Nayeche ni mwanzilishi wa jamii na si mwokoaji, na kwamba ukame haufanani na ajali ya chombo. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kinacholinganishwa hapa si aina ya janga bali aina ya uwezo. Tunamwita mtu shujaa wa namna ya Nayeche iwapo anautumia ujuzi wake wa kila siku, saa ya hatari, kwa manufaa ya watu ambao hakuagizwa kuwaokoa. Mvuvi anapoupeleka mtumbwi wake penye chombo kilichopinduka hatumii nguvu za Liyongo. Anatumia kasia lile lile alilolitumia jana yake.

Masimulizi ya maafa

Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka katika bandari ya Kilindini, mita zipatazo 40 tu kutoka gatini. Kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi, wengi wao wakielekea kazini kisiwani Mombasa, na watu 272 walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 maafa yaliyofanana na hayo yalitokea katika Ziwa Viktoria. MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara. Waliokufa walizidi 220 na waliookoka walikuwa 41. Wakazi wa kisiwa na wavuvi wenye mitumbwi walikuwa miongoni mwa waliofika mapema. Usiku shughuli za uokoaji zilisitishwa. Siku mbili baada ya ajali, wapiga mbizi walimkuta fundi mmoja akiwa hai ndani ya kivuko, palipokuwa pamebaki hewa.

Katika simulizi hii mtambaji ana vishawishi viwili. Anaweza kumfanya fundi huyo kuwa Liyongo, mtu mmoja aliyeyashinda mauti, na kuliacha gati zima gizani. Au anaweza kuwasimulia wale waliopiga kasia bila kujua kama watamkuta aliye hai. Simulizi ya kwanza ina umbo linalojulikana na hivyo ni rahisi kukumbukwa. Ya pili haina kilele kimoja, wahusika wake ni wengi, na wengi wao walirudi pwani na maiti. Kwa kipimo cha zamani, hiyo ya pili ni simulizi yenye kasoro za kifani. Kwa kipimo tunachokipendekeza, wingi huo ndio fani yake.

Ajali ya Bukoba inaudhihirisha msukumo huo waziwazi. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyobeba watu 43 iliangukia ziwani karibu na uwanja wa ndege. 24 waliokoka na 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili. Wavuvi walifika kwa mitumbwi, na umati ukaivuta ndege kwa kamba kuelekea ufukweni. Baada ya muda mfupi, kijana mmoja mvuvi akatajwa kuwa shujaa wa taifa, akazawadiwa na kuahidiwa ajira katika jeshi la zimamoto na uokoaji. Halafu ukazuka mjadala hadharani: ni nani hasa aliyeufungua mlango wa ndege? Kwa mtazamo wetu, swali hilo ni zao la utendi. Jamii iliyozoeshwa kutafuta mkono mmoja itagombania mkono huo, na wale walioishika kamba hawataulizwa. Kusema hivi si kupunguza sifa ya kijana huyo. Ni kusema kwamba alibebeshwa umbo la kisanaa lisilolingana na tukio lenyewe, kisha akadaiwa athibitishe kwamba linamwenea.

Sifa kama pazia

Lipo pia suala la kimaadili ambalo mhakiki hawezi kulikwepa. Kivuko cha watu 101 hakikupinduka kwa hasira ya ziwa. Simulizi inayoanza pale mvuvi anaporuka majini imekwisha kuacha nje sura ya kwanza: tiketi zilizouzwa, mizigo iliyopakiwa, macho yaliyofumbwa. Ushujaa wa watu wa kawaida unaposimuliwa bila sura hiyo huwa pazia. Mnyonge husifiwa kwa kuliziba pengo ambalo mwenye mamlaka alipaswa kuliziba, na sifa hiyo humpa mwenye mamlaka mahali pa kujificha.

MV Bukoba inatukumbusha kwamba hata nia njema ina mipaka yake. Baada ya meli hiyo kupinduka tarehe 21 Mei 1996, waokoaji walilitoboa bapa lake ili kuwatoa waliokuwa wamenaswa ndani. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Waliokuwa wakigonga kutoka ndani hawakukosa watu wenye moyo, walikosa watu wenye maarifa na zana. Utendi wa kimapokeo hauna nafasi kwa tukio la namna hii, kwa kuwa ndani yake nguvu na nia hutosha, na kinachoharibu ni usaliti. Hapa hakuna msaliti aliyeshika sindano. Kuna uzembe uliogawanywa kwa watu wengi, kama vile ushujaa nao ulivyogawanywa kwa wengi. Fasihi itakayoyashughulikia maafa haya kikamilifu itabidi ijue kuusimulia ugawanyaji wa pande zote mbili.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kielelezo cha shujaa mmoja, kilichotokana na tendi na kuimarishwa na mjadala wa kuzitetea, kinamfanya mhakiki asione matendo ya watu wa kawaida, hata yale yaliyomo ndani ya tendi zenyewe. Mighani ya Nayeche inatupa kielelezo mbadala ambacho msingi wake ni ujuzi wa kila siku unaotolewa kwa ajili ya wengine. Hatupendekezi kwamba Liyongo aondolewe. Tunapendekeza kwamba asomwe pamoja na Saada, na kwamba wote wawili wasomwe pamoja na Nayeche.

Kwa mwanafunzi wa uzamili anayekwenda Mtongwe, Ukara au Bukoba kukusanya masimulizi, pendekezo hili lina maana ya kiutendaji. Asianze kwa kuuliza shujaa alikuwa nani, kwani swali hilo litampa jibu moja lililokwisha kukomaa. Aulize mitumbwi ilitoka wapi, ni ya nani, ilikuwa ikifanya nini asubuhi hiyo, nani aliishika kamba, na nani alibaki ufukweni akiwafunika maiti kwa khanga. Aulize pia chombo kilipakiwaje kabla ya kuondoka. Majibu yatakuja vipande vipande, na vingine vitafanana na kokoto tu. Ni wajibu wa mhakiki kuviokota vyote kabla ya kuamua kipi ni cha fuvu.