Kitambaa cha Noeli

Meza ya Noeli huko Butembo, mashariki mwa Kongo, huanza kuandaliwa wakati kuku wa sikukuu bado ni kifaranga. Mama amekaa barazani, uzi mweupe umezunguka kidole cha shahada, sindano ya kroshe inaingia na kutoka. Anazungumza na jirani, anamkemea mtoto, lakini midomo yake haiachi kuhesabu.

Hesabu hiyo ndiyo ufundi wenyewe. Kitambaa cha duara huanza na vitanzi vichache vilivyofungwa kuwa pete, kisha kila mzunguko huongezewa vitanzi kwa kipimo kimoja. Ukiongeza vichache mno, kazi inakunjamana na kuwa bakuli. Ukizidisha, kingo zinapanda na kushuka, na kitambaa hakilali tena juu ya meza. Pasi haiokoi kosa hilo. Fundi akigundua katika mzunguko wa ishirini kwamba wa tisa ulikosa kitanzi kimoja, anafumua hadi wa tisa. Nawaheshimu mafundi zaidi kwa kufumua huko kuliko kwa kufuma, maana mgeni atakayekula hapo asingeona upungufu wa kitanzi kimoja. Yeye fundi angeuona kila Noeli.

Wengine hudarizi. Maua, mashada ya zabibu au neno NOELI huchorwa kwa penseli juu ya pamba nyeupe, halafu hujazwa uzi wa rangi, mshono ukilala kando ya mshono bila nafasi kati yao. Mafundi hupimana kwa upande wa nyuma: kama hakuna fundo lililovimba wala uzi unaoning'inia, mikia yote imepitishwa chini ya mishono, basi hiyo ni kazi.

Kisha huja wanga, na hapa muhogo ule ule wa bugali unapewa jukumu jingine. Unakunwa, unachujwa kwa maji, unaachwa utulie hadi unga mweupe uzame chini. Unga huo hukorogwa kwa maji baridi kwanza, ndipo yanapomiminwa ya moto. Kitambaa kilichofuliwa kinachovywa, kinakamuliwa na kutandazwa kwa pini, kila ncha ikivutwa mahali pake. Katika mji wa Beni, ambako ni chini na kuna joto, hukauka upesi. Butembo iko karibu sana na ikweta, lakini pia iko juu ya mita 1,700, na ukungu wake haumwonei huruma mwenye haraka.

Enzi za Wabelgiji, masista wa misheni walifundisha wasichana kazi ya sindano, na hadi leo baadhi ya shule za Kongo zina mkondo wa ushonaji. Ila sehemu kubwa ya ujuzi huu hupita kutoka mama hadi binti, kwa kukaa kando na kutazama.

Siku yenyewe mambo ni mepesi. Matawi ya mchikichi mlangoni, maua ya uani ndani ya glasi, na juu ya kitambaa cheupe, sombe ya majani ya muhogo, viazi vya Lubero, samaki wa Ziwa Edward. Mchuzi utamwagika, na mwenye nyumba anajua. Kitafuliwa, kitiwe wanga upya, kirudi mezani Bonane, yaani Mwaka Mpya.

Eneo hili limepita miaka migumu: mauaji ya Beni tangu Oktoba 2014, Ebola iliyotangazwa Agosti 1, 2018, na Noeli ya mwaka huo ikawakuta watu wakinawa maji ya klorini milangoni na kukwepa kupeana mikono. Familia nyingi zimehama makwao. Meza na kabati hazibebeki. Kitambaa hukunjwa, kikafungwa ndani ya kitenge pamoja na nguo za watoto.

Leo vitambaa vya nailoni vilivyochapwa maua huingia kwa malori kupitia mpaka wa Kasindi, na bei yake ni ndogo. Sina ugomvi na anayevinunua kwa sababu ya mfuko wake. Lakini mwenye uwezo asimwendee fundi na bei ya nailoni mdomoni, wala asimwendee wiki ya mwisho ya Desemba. Nenda mwezi wa saba, lipia nyuzi mapema, umwachie muda wa kuhesabu na wa kufumua.