Mzigo Umekaa Wapi? Kumpima Mwanamke wa Kuchonga

Mkazi wa Buzebazeba, hapa Ujiji, amewaona akina mama waliojitwika mabeseni ya dagaa: shingo imekaza, kiuno ndicho kinachoyumba. Nenda na jicho hilo kwenye sanamu ya mwanamke.

Vitruvius, msanifu wa Kirumi, aliandika kwamba nguzo zenye umbo la mwanamke zinatokana na wake wa Karyai. Anasimulia kuwa mji wao uliwaunga mkono Waajemi. Wagiriki wakawaua wanaume, wakawatia wanawake utumwani, na wajenzi wakawachonga wamebeba paa ili aibu yao isifutike. Ujiji, walikopitishwa watumwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kisa hicho kinaeleweka mara moja.

Huko ng'ambo, Waluba nao walichonga vigoda vya watawala vilivyobebwa na mwanamke, ila kwao yeye ndiye nguvu ya ufalme. Kimoja, cha fundi anayejulikana kama fundi wa Buli, kipo makumbusho ya Metropolitan, New York. Mashavu yamebonyea, viganja ni vikubwa kupita kiasi. Uzito wote umehamia mikononi, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Mwaka 2019 Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, aliweka wanawake wanne wa shaba nyeusi mbele ya jengo hilohilo, kwenye vishubaka vilivyokaa vitupu tangu 1902. Mapindo kama kamba yamewazunguka mwilini. Wameketi au wamepiga magoti, hawakubeba mzigo wowote. Kwangu hii ni kazi kubwa kuliko nguzo za Wagiriki, kwa sababu mzigo umeondoka lakini shingo na mgongo bado vinaukumbuka.

Basi ukisimama mbele ya sanamu ya mwanamke, hata aliye msibani, usianze na uso. Machozi ya kuchonga shavuni ni njia ya mkato. Zunguka nyuma, utazame mabega, kisha ufuate uzito hadi nyayo. Fundi mwenye haraka huishia kiunoni, na miguu inabaki kama vigingi.

Kama sanamu ni ya mti, mti wenyewe uangalie mwisho. Sugua chini ya kitako kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka cheusi, huenda umepakwa kiwi ufanane na mpingo. Mpingo wenyewe ni mzito mkononi, kipande chake huzama majini, na mara nyingi fundi huacha ukanda wa mti mweupe wa nje.