Hisabati, Mapenzi na Magofu: Arcadia Isomwapo kutoka Watamu

Arcadia, tamthilia ya Tom Stoppard, iliigizwa kwa mara ya kwanza jijini London mwaka 1993. Tangu hapo imerejeshwa jukwaani mara kadha, ikiwemo London mwaka 2009 na New York mwaka 2011. Ni rahisi kuueleza urejeo huo kwa umahiri wa mtunzi katika kusuka hisabati na mapenzi. Makala haya yashikilia hoja nyingine: tamthilia hii yahitaji kurudi, kwa kuwa mapenzi yaliyomo hayana hifadhi ila jukwaa.

Chumba kimoja chabeba vipindi viwili. Mnamo 1809 Thomasina, binti wa miaka 13, afundishwa na Septimus. Abuni mlinganyo ambao jibu lake hurudishwa ndani yake tena na tena. Baadaye atambua kuwa joto lipoteapo halirejei. Karibu karne mbili baadaye Valentine, mwanahisabati, auendeleza mlinganyo huo kwa tarakilishi. Hisabati, basi, yaokolewa. Mapenzi je? Usiku wa kuamkia siku ya kutimiza miaka 17, Thomasina acheza dansi na Septimus. Usiku huo huo moto wamteketeza. Dansi hiyo haikuandikwa popote. Watafiti hawaijui, hadhira yaijua.

Msomaji wa Watamu ana kipimo cha jambo hili karibu naye. Magofu ya Gede, kilomita chache kutoka hapo, yalichimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948. Baadhi ya nyumba zake zaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani: iko, kwa mfano, Nyumba ya Mkasi. Aliyeushika mkasi huo hajulikani. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Tarehe imesalia, majonzi ya waliozika hayakusalia. Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Hatua hiyo yalinda mawe, wala haimrudishii mwenye nyumba jina lake.

Kadhalika, Gede yatoa onyo ambalo Stoppard alitoa kupitia Bernard, mtaalamu ajengaye kisa kizima cha Byron juu ya barua chache, kisha akaumbuliwa. Kirkman aliinasibisha miji ya aina hii zaidi na Waarabu; waakiolojia waliofuata wamebainisha asili yake ya Kiafrika. Kosa la aina hiyo husahihishika, kwani ushahidi wake umo ardhini.

Hapa ndipo tamthilia inapojipinga. Septimus amfariji mwanafunzi wake kwamba kilichopotea kitapatikana tena. Kuhusu milinganyo, asema kweli. Kuhusu yeye na Thomasina, tamati yamkanusha: wacheza dansi wa vipindi viwili wazunguka pamoja bila kuonana. Mfasiri atakayeileta Arcadia katika Kiswahili ajihadhari asiongeze neno mahali hapo. Mtunzi alikuacha kimya kwa sababu hakuna mhusika aliyebaki wa kukisimulia.