Matembezi Bila Salamu: Uhakiki wa Programu ya Kutafuta Marafiki

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia. Safari hii ninahakiki wazo: programu ya tovuti inayowakutanisha watu wasiojuana, wakatembea pamoja mahali fulani kwa njia ya picha, hatimaye wawe marafiki. Kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili Kigali, wazo hili si mchezo. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda kwa sheria ya mwaka 2017, lakini mwanafunzi anayeishi Kimihurura anaweza kumaliza wiki nzima asipate wa kuzungumza naye Kiswahili nje ya darasa. Sarufi anayo, mtu wa kusema naye hana.

Malighafi ipo. Mwaka 2019 picha za mitaa ya Zanzibar ziliwekwa katika Google Street View, kazi iliyofanywa na wapigapicha wa World Travel in 360 pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Kwa hiyo mtu aliyeketi mkahawani Kimihurura anaweza kuingia vichochoro vya Mji Mkongwe. Kuwatembeza watu wawili pamoja nako si kugumu kama inavyodhaniwa. Seva haina haja ya kumtumia yeyote picha. Hutuma namba chache tu, za mahali waliposimama na upande wanaoutazama, kisha kivinjari cha kila mmoja hujiletea picha chenyewe. Sauti zao hupita katika kivinjari hichohicho. Picha zilizotulia hazili kifurushi cha intaneti kama video, na mwanafunzi yeyote atakwambia uzito wa jambo hilo.

Tatizo ninaloliona ni la lugha na adabu yake. Street View hufifisha nyuso za watu. Wazee wameketi barazani, sura hazionekani, nawe unawapita bila salamu kama mwizi! Mwanafunzi akizoea kutembea hivyo atakuwa ameijua mitaa tu. Mchezo wa GeoGuessr, ulioanza mwaka 2013, uliongeza mashindano juu ya picha hizohizo: anayebahatisha mahali kwa usahihi zaidi ndiye mshindi. Ni mchezo mzuri, lakini mashindano hayamlazimu mtu kumuuliza mwenzake chochote.

Hapa ndipo mnyambuliko wa vitenzi unapomsaidia mwunda programu kuliko kitabu chochote cha kompyuta. Tuna tembea, tembelea, tembeza, tembeleana. Programu nyingi huishia kwenye tembelea: mimi nabofya, naingia, natoka. Urafiki haumo humo. Ningependa kuona vitufe viwili, “Nitembeze” na “Nikutembeze”, ili kila ziara iwe na mgeni na mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayeongoza hatua. Mgeni hawezi kusogea peke yake, hivyo hana budi kuomba: tusimame hapa, turudi nyuma, jengo lile ni la nini? Maombi na maswali hayo ndiyo Kiswahili tunachokitafuta. Siku nyingine wabadilishane, Mzanzibari atembezwe Kimihurura, kuanzia Kigali Convention Centre, jengo la mwaka 2016 ambalo kuba lake huwaka rangi usiku, hadi njia zilizotandikwa mawe. Mnyarwanda atalazimika kueleza mji wake kwa Kiswahili. Hilo ni gumu kuliko kusikiliza, na lina faida kubwa zaidi.

Ziara nayo ina mwisho wake. Waswahili husindikiza, na Wanyarwanda wana guherekeza, desturi ileile ya kumtoa mgeni hadi njiani. Programu yenye kitufe cha “Ondoka” peke yake inamfundisha mgeni kukata mazungumzo na kutoweka. Iwekwe hatua ya kuagana, hata kama ni nusu dakika.

Kuhusu neno rafiki nina ukali kidogo. Facebook ilipotolewa kwa Kiswahili mwaka 2009, neno hilo lilipewa kazi ya kumtaja hata mtu ambaye hujawahi kumsalimu. Programu hii isirithi tabia hiyo. Anayenitembeza mara ya kwanza ni mwenyeji wangu. Jina la rafiki lisubiri mpaka tumetembeleana. Halafu kuna usalama: ziara ianzie mahali pa umma, kamwe isianzie langoni kwa mwenyeji, kwani mgeni wa mtandaoni hatujui anatazama kwa macho gani.

Walimu wanaotaka kujaribu wasisubiri programu iundwe. Simu moja, na ramani ileile iliyofunguliwa pande zote mbili, vinatosha kwa kuanzia. Mwenyeji ataje kila anapogeuka, mgeni amfuate kwa kusikia tu. Akipotea, asikimbilie kuitazama ramani. Aeleze anachokiona mpaka mwenyeji amfikie alipo.