Mikono Iliyopumzika

Filamu ya Joy, iliyoongozwa na Ben Taylor na kutolewa mwaka 2024, imesifiwa kwa kumrudishia Jean Purdy heshima yake. Nami naisifu kwa hilo. Purdy alikuwa muuguzi aliyejiunga na mwanasayansi Robert Edwards mwaka 1968, na pamoja na daktari Patrick Steptoe walifanikisha kuzaliwa kwa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa chupa, huko Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39 tu. Alistahili filamu.

Ila kuna jambo limenikwama kooni. Katikati ya hadithi Purdy anaiacha kazi ili amuuguze mama yake, na kazi inasimama. Jambo hilo ni la kweli. Lakini filamu inalifanya mtihani wa moyo tu: je, atarudi au harudi? Akisharudi, mtazamaji huridhika. Mimi nilitaka kujua habari za mikono.

Yai la mwanamke lina upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Lazima litafutwe upesi kwa darubini katika majimaji yaliyotoka tumboni, lisipoe, lisipotee. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, nami hapo nabisha kidogo. Ujuzi wa kichwa huenda hauzeeki. Wa vidole huota kutu. Shangazi yangu, fundi cherehani, aliugua miezi minane. Aliporejea alishona matambara wiki nzima kabla hajagusa kitambaa cha mteja.

Steptoe mwenyewe aliyajua hayo. Meli yake ya kivita ilizamishwa karibu na Krete mwaka 1941, akakaa mateka Italia hadi 1943. Baadaye aliposomea tiba ya wanawake, hakuona haya kuanza upya. Alijifunza kwa Raoul Palmer wa Paris na kwa Hans Frangenheim wa Ujerumani namna ya kuchungulia tumbo kupitia tundu dogo, ufundi ambao madaktari wengi wa kwao waliudharau.

Na pengo kubwa kuliko yote filamu imeliacha nje, kwa kuwa hadithi inafungwa na kuzaliwa kwa mtoto. Mwaka huohuo wa 1978 Steptoe alistaafu hospitali ya umma, na hadi kliniki ya Bourn Hall ilipofunguliwa mwaka 1980, watu watatu waliojua kazi hii kuliko wengine duniani hawakuwa na mahali pa kuifanyia. Hapo ndipo penye filamu, bwana!

Suala hili si la makumbusho. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, kliniki za Uingereza ziliamriwa kusimamisha matibabu haya kuanzia katikati ya Aprili, na zikaanza kuruhusiwa tena tarehe 11 Mei. Madaktari pia huenda likizo ya uzazi, huenda utafiti. Mwanamke aliyeuza kiwanja ili apate jaribio moja, nani humwambia kwamba daktari wake amerudi jana?

Ningetoa hotuba mbili za filamu hii ili nipewe dakika moja ya asubuhi ile: Purdy ameketi tena mbele ya darubini, hakuna anayesema neno, naye anatafuta yai.