Gitaa Moja Lililojaza Nafasi: "Radio Free Europe" ya R.E.M.

Maneno ya "Radio Free Europe" hayaeleweki, na wimbo umejengwa juu ya kutoeleweka huko. Michael Stipe, mwimbaji wa R.E.M., alifika kurekodi kabla hajamaliza kuyaandika. Badala ya kuficha pengo, akaigeuza sauti yake kuwa ala ya nne: anavuta irabu, anameza konsonanti, anamwachia msikilizaji vipande tu. Kwa wimbo unaobeba jina la kituo cha redio kilichogharimiwa na Marekani ili kisikike Ulaya Mashariki, uimbaji wa namna hiyo unafanana kabisa na matangazo yanayokatikakatika hewani.

Ilikuwa Aprili 1981. R.E.M., bendi ya Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia, ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu onyesho lake la kwanza. Walikwenda Winston-Salem, North Carolina, kwa Mitch Easter, aliyekuwa na studio iitwayo Drive-In kwenye gereji ya wazazi wake. Singo ilitoka Julai kwa lebo ndogo ya Hib-Tone, nakala 1,000 kwa kuanzia. Mwaka ulipoisha, gazeti la New York Times liliitaja kati ya singo kumi bora za 1981.

Kilichonivutia tangu mwanzo ni jinsi walivyogawana kazi. Gitaa ni moja, la Peter Buck, na wimbo mzima hauna solo. Kwenye ubeti Buck anaziba nyuzi kwa kiganja, kwa hiyo gitaa linatoa mdundo mkavu, karibu na ngoma kuliko wimbo. Kiitikio kinapokaribia anaondoa kiganja, anadonoa nyuzi mojamoja na kuziacha zilie zikipandiana. Hajaongeza ala wala hajaongeza sauti ya amplifaya, lakini sikio linahisi mlango umefunguliwa. Huo ni ustadi mkubwa kwa kijana aliyekuwa akiuza santuri dukani.

Hata hivyo, gitaa la namna hiyo lingebaki uchi bila besi ya Mike Mills. Wapiga besi wengi wangeng'ang'ania noti ya chini ili kushika msingi. Mills anapanda juu, anaingia pale sauti ya Stipe inapopumua, anafanya kazi ambayo kwingine ingepewa gitaa la pili. Msingi ameachiwa Bill Berry na dramu zake: mapigo yaliyonyooka, ya haraka, bila mapambo mengi. Mbio hizo ndizo zinazowabana wenzake wote wasipate muda wa kujitanua.

Kuchanganya sauti kulizua ugomvi. Jonny Hibbert, mwenye lebo, alitumia mchanganyo wake mwenyewe badala ya ule wa Easter. Buck alichukizwa na matokeo kiasi cha kuvunja nakala moja na kuibandika ukutani. Namwelewa: sauti ni nzito, kama imefunikwa blanketi. Lakini nadhani ufinyu huo uliusaidia wimbo. Ala zote zinasukumana mahali pamoja, na msukumano huo ndio joto lake.

Ushahidi ni toleo la pili. Mwaka 1983 waliurekodi upya Charlotte kwa ajili ya albamu ya Murmur, Easter akisaidiana na mtayarishaji Don Dixon. Mwendo umepungua, kila ala imepewa nafasi yake, na mwanzoni umewekwa mvumo wa mitambo ya studio unaokatwakatwa kwa mapigo ya besi. Ni kazi safi, na ilifika namba 78 kwenye chati ya Billboard. Ila gitaa la Buck linapofunguka kwenye kiitikio hakuna tena kilichokuwa kimebanwa, kwa hiyo mshtuko umepungua. Bendi yenyewe iliona toleo la kwanza ni bora, na mwaka 1988, walipokusanya nyimbo zao katika Eponymous, walirudisha lile la gereji.