Mwendo na Sauti: Juu ya Matumizi ya Neno 'Polepole'

Katika kuandika habari za nyimbo, waandishi wetu wana neno moja walipendalo kupita mengine, nalo ni 'polepole'. Wimbo wa mazishi huimbwa polepole. Wimbo wa kubembeleza mtoto huimbwa polepole. Ubeti wa mwisho wa wimbo wa kanisani humalizwa polepole. Msomaji akikuta maneno hayo hudhani ameelewa. Lakini tukimwuliza ameelewa nini, kwamba waimbaji walikwenda mwendo wa taratibu, au kwamba walitoa sauti ndogo, hana jibu. Na mara nyingi mwandishi naye hana. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba kasoro hiyo si ndogo, kwamba haitokani na umaskini wa Kiswahili, na kwamba dawa yake imo katika sarufi yetu wenyewe. Mifano yetu tutaichukua Mwanza na pwani ya Ziwa Viktoria, kwa sababu huko ngoma za Wasukuma na kwaya za makanisa zimekaa jirani kwa muda mrefu, na neno hilo hutumika kwa zote mbili.

Kwanza yafaa tutenge mambo yenyewe. Katika muziki wa Ulaya ulioandikwa, ukubwa wa sauti na kasi ya mwendo vina majina mbalimbali, na majina hayo ni ya Kiitaliano. Kwa ukubwa wa sauti husemwa 'piano' sauti ikiwa ndogo na 'forte' ikiwa kubwa. Na sauti ikikua kidogo kidogo husemwa 'crescendo', ikipungua 'diminuendo'. Kwa mwendo husemwa 'adagio' ukiwa wa taratibu, 'andante' ukiwa wa kadiri, 'allegro' na 'presto' ukiwa wa haraka. Ukiongezeka ni 'accelerando', ukichelewa ni 'ritardando'. Mambo haya hayategemeani. Sauti hupimwa kwa nguvu ya mtikisiko wa hewa, na mwendo hupimwa kwa hesabu ya mapigo katika dakika, kazi ambayo metronomu imeifanya tangu Johann Mälzel alipoipatia hataza mwaka 1815. Mapigo 60 kwa dakika ni pigo moja kila sekunde, waimbaji wakinong'ona au wakipiga kelele.

Wako wasemao kwamba Waitaliano wamebahatika kuwa na lugha yenye kutenga mambo haya, nasi hatukubahatika. Maneno hayo hayasimami tukiyachungua. Katika Kiitaliano cha kila siku, 'piano' ni sauti ndogo, tena ni mwendo wa taratibu. Mtu huambiwa aseme 'piano' ili asiwaamshe waliolala, na dereva huambiwa aende 'piano' ili asiue watu. Methali yao isemayo kwamba aendaye 'piano' huenda salama na kufika mbali ni ndugu ya ile yetu ya haraka haraka isiyo na baraka. Hata 'forte', ambalo asili yake ni 'nguvu', huweza kutajwa kwa gari liendalo mbio. Tena majina ya mwendo wenyewe si majina ya mwendo kwa asili. 'Allegro' maana yake ni mwenye furaha. 'Largo' ni pana. 'Adagio' ni kwa raha. 'Andante' limetokana na kitendo cha kwenda tu. Beethoven aliliona jambo hilo, na mwaka 1817 alilalamika katika barua kwamba kuuita mwendo wa haraka kwa neno la furaha mara nyingi hakupatani na muziki wenyewe.

Basi utengano huo ulitoka wapi? Ulitoka katika mapatano ya mafundi. Mwaka 1597 Giovanni Gabrieli wa Venice alipiga chapa muziki wa vyombo, akauita kwa maneno hayo mawili, 'pian' na 'forte', na ndani yake akaonyesha mahali pa sauti ndogo na mahali pa sauti kubwa. Kazi hiyo ni miongoni mwa za kwanza kufanya hivyo katika chapa. Tangu hapo neno la barabarani lilikatwa nusu: kwa mafundi likabaki na maana ya sauti peke yake, na barabarani likaendelea na maana zake zote mbili mpaka leo. Waingereza nao hawakuzaliwa wakiyajua maneno hayo. Henry Purcell alipotoa sonata zake mwaka 1683 ilimpasa kuwaeleza wasomaji wake katika dibaji kwamba haya ni ya mwendo na lile ni la sauti. Kwa hiyo Mswahili asemaye 'polepole' kwa mambo mawili hakupungukiwa na kitu ambacho Mwitaliano alizaliwa nacho. Alichokosa ni mapatano.

Sasa tulitazame neno letu. 'Polepole' ni mtoto wa 'pole', na nduguze ni 'mpole' na 'upole'. Asili ya maana yake si kasi wala sauti, bali ni tabia: hali ya kutotumia nguvu. Mpole hakanyagi kwa kishindo wala hafoki, na kwa kuwa tabia moja huonekana katika miguu na katika kinywa, neno moja likachukua yote mawili. Hilo si kosa katika mazungumzo. Ukimwambia mtu 'sema polepole' mbele ya mgonjwa aliyelala, mahali penyewe pamefasiri. Ukimwambia hivyo mgeni ajifunzaye lugha, mahali penyewe pamefasiri pia. Tatizo huanza pale maneno yanapoandikwa karatasini na mahali penyewe pakabaki nyuma.

Na kuna tatizo la tatu lililojificha. Tunasema 'sauti ya juu' na 'sauti ya chini' kwa ukubwa wa sauti, tena tunasema maneno yale yale kwa kidatu, yaani wembamba na unene wa sauti. Mwalimu wa kwaya akisema 'shusheni sauti', waimbaji wa sauti ya nne wana haki ya kuuliza kama washuke noti au wapunguze nguvu. Kwa nyimbo za Kisukuma jambo hili lina uzito zaidi, maana Kisukuma ni lugha yenye toni, na kidatu cha silabi kimefungamana na maana ya neno. Mkusanyaji akiandika kwamba mwimbaji 'alishuka' bila kueleza alishuka nini, ameiharibu habari ambayo mtaalamu wa lugha angeihitaji.

Katika kwaya, matatizo haya husahihishwa papo hapo. Mwalimu akisema 'polepole', nusu ya waimbaji wakachelewa na nusu wakanong'ona, atagonga meza na kueleza kwa mkono. Karatasi nayo yaweza kumsaidia au kumtatiza. Kwaya zetu nyingi husoma noti za sol-fa, zile ambazo John Curwen alizieneza Uingereza katika karne ya 19 na wamisionari wakazileta Afrika. Enoch Sontonga alitumia noti hizo hizo alipotunga, mwaka 1897, wimbo ambao sauti yake ndiyo sauti ya wimbo wetu wa taifa. Katika noti hizo herufi 'f' ni fa na 'm' ni mi. Na juu ya mstari huo huo 'f' nyingine ni forte, na 'mf' ni nguvu ya kadiri. Mwimbaji mpya huhitaji mwalimu wa kumwonyesha ipi ni ipi, na mwalimu yupo.

Mkusanyaji wa fasihi simulizi hana bahati hiyo. Tuchukue bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Katika kilimo cha pamoja ngoma huyawekea majembe mapigo. Mpigaji akiongeza mwendo, ameongeza kazi ya kila mgongo uliopo shambani. Akiongeza sauti bila kugusa mwendo, hakuongeza kazi ya mtu. Amewafikia walio mbali tu. Mwanafunzi akiandika katika daftari lake kwamba ngoma 'ilianza polepole ikapanda', ametuficha jambo lenyewe tulitakalo kulijua: je, wakulima waliharakishwa, au waliitwa? Vivyo hivyo katika mashindano ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno, ambapo kila upande hujitahidi kuvuta watazamaji wengi kupita mwenzake, sauti kubwa ni silaha ya kuita watu, na mwendo ni kipimo cha ustadi wa wachezaji. Asiyetenga mambo hayo hawezi kueleza kwa nini upande mmoja ulishinda.

Nyimbo hizo zimepata watunzaji. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement wa White Fathers alianzisha makumbusho ya Wasukuma ambamo ngoma na vyombo vimehifadhiwa. Na mwaka 2010 Frank Gunderson alitoa kitabu kikubwa juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma. Lakini sehemu kubwa ya nyimbo za pwani ya ziwa bado zimo vinywani mwa wazee na katika madaftari ya wanafunzi wetu. Daftari lisilo na ukanda wa sauti, lenye neno 'polepole' peke yake, litakuwa bubu siku mwimbaji atakapofariki.

Dawa yake ni ipi? Wengine watashauri tuyachukue maneno ya Kiitaliano yote. Hatuna ugomvi na alama 'p' na 'f', maana ni alama za dunia nzima kama tarakimu zilivyo. Lakini Schumann aliweza kuandika maagizo yake kwa Kijerumani, na Percy Grainger kwa Kiingereza, na muziki wao haukupotea njia. Sisi tuna sababu bora kuliko zao, nayo ni upatanisho wa kisarufi. 'Polepole' ni kielezi. Hakipatani na jina lolote, kwa hiyo hakituambii kinaeleza nini. Tukikiacha tukatumia kitenzi na jina lake, utata huondoka wenyewe. 'Sauti' iko katika ngeli ya I-ZI, na 'mwendo' katika ngeli ya U-I. Mwalimu akisema 'ipunguzeni', ni sauti; akisema 'upunguzeni', ni mwendo. 'Iongezeni' ni crescendo, 'uongezeni' ni accelerando. Herufi moja mwanzoni mwa kitenzi imefanya kazi ambayo Waitaliano waliifanya kwa msamiati mzima. Na kidatu tukiite kidatu, nacho kitapata 'ki' yake: 'kipandisheni', 'kishusheni'.

Yaweza kupingwa kwamba mwendo na sauti haviachani kabisa, kwa maana mwimbaji apunguzaye sauti mara nyingi huchelewa bila kukusudia. Ni kweli; na Waitaliano wenyewe walilazimika kuweka neno 'calando' kwa mahali ambapo sauti hufifia na mwendo hulegea pamoja. Basi hapo ndipo mahali pa halali pa 'polepole'. Wimbo wa kubembeleza mtoto ambao hufifia na kulegea mpaka mtoto alale, humalizika polepole kwa maana kamili ya neno. Tusilitupe neno hilo. Tulitumie pale tunapokusudia yote mawili, na pale tu.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila mwanafunzi akusanyaye nyimbo, awe Sengerema, Ukerewe au Magu, aandike chini ya kila wimbo mistari mitatu: mwendo wake, kwa hesabu ya mapigo katika dakika, maana saa yoyote yenye mshale wa sekunde yatosha, sauti yake, kubwa au ndogo, na mahali inapobadilika, na kidatu chake, kama kinapanda au kinashuka. Kazi hiyo haizidi dakika chache kwa wimbo mmoja, nayo yapaswa kufanywa wakati mwimbaji yungali hai wa kuulizwa.